Sentensi Tatu za Mzee Taratibu

Kuna mwanamke ninayemfahamu ambaye kazi yake ni kusoma maandishi ambayo wengine hawayasomi. Wewe ukinunua kitu chenye kijitabu cha maelezo, unatupa kijitabu unabaki na kitu. Yeye anabaki na kijitabu. Kazini walimwita Mkasi, na jina hilo hakulikataa. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi, alikuwa akiwaambia wateja wake: "Mkasi wangu unakata kitambaa, wa mke wangu unakata watu kauli. Wakati wa uchumba nilimwandikia barua ya kurasa mbili, akanirudishia ukurasa mmoja. Eti ule mwingine haukuwa na kazi!"

Wateja wakicheka, naye Mkasi alikuwa anacheka kutoka jikoni. Siku hizi mzaha huo hausikiki tena nyumbani kwao. Sababu yake amenisimulia mwenyewe, kwa vipande, leo kidogo na wiki ijayo kidogo, na akaniambia nikitaka kuandika niandike, ila nisimpunguzie kosa. Nitajitahidi.

Alianzia kiwanda cha uchapaji, kusahihisha kurasa kabla hazijaingia mitamboni. Vipeperushi vya dawa, kadi za mialiko, vitabu vya hesabu vya shule. Ile karatasi inayokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa ni ndogo kama kiganja, na maneno yote lazima yaenee. Kwa miaka kumi na minne akajifunza jambo moja mpaka likamwingia mifupani: neno lisilo na kazi litoke. Kiwanda kilipofungwa, akapata kazi kwenye ofisi ya watengenezaji wa programu za kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Walihitaji mtu wa kusoma miongozo yao kabla haijaenda kwa wateja.

Sasa hapa nivumilie kidogo, maana hata mimi nilielezwa mara tatu ndipo nikaelewa. Mtu anayetengeneza programu, iwe ya hospitali au ya shule, hatengenezi kila kitu kwa mkono wake. Seremala hatengenezi kitasa, ananunua. Vivyo hivyo mtengeneza programu huchukua vipande vilivyokwisha kutengenezwa na wengine, na mkusanyo wa vipande hivyo huitwa maktaba. Maktaba ya ofisi hii ilikuwa ya kufuli tupu: kuficha siri, kulinda maneno ya siri ya watu. Unapoandika neno lako la siri, programu yenye akili hailihifadhi kama ulivyoliandika. Inalisaga, na ule unga inausaga tena, na tena, mara maelfu, mpaka hakuna awezaye kuurudisha kuwa punje. Mwizi akiuiba unga huo, njia yake ni moja tu: abahatishe neno, alisage mizunguko ileile, alinganishe, likikataa, abahatishe jingine. Mizunguko ikiwa mingi, mwizi anachoka. Ikiwa michache, hachoki.

Mizunguko mingapi? Mwenye kutumia maktaba anaruhusiwa kuchagua. Asipochagua, ipo namba iliyowekwa tayari, wanaiita chaguo-msingi. Na watu wengi hawachagui. Wewe na mimi tusingechagua.

Aliyeiweka namba ile alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwembamba, ambaye vijana wa ofisi walimwita Mzee Taratibu. Hata kuketi alikuwa anaketi kwa awamu: anakiangalia kiti, anakigusa, anakivuta, ndipo anakaa. Lakini kichwa chake kilikuwa saa. Alikumbuka siku za kuzaliwa za watoto wa wenzake. Alikumbuka kila mstari wa programu aliouandika na kwa nini aliuandika. Na alipoandika maelezo, aliandika kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kufika kwake. Chini ya ile namba ya mizunguko aliweka sentensi tatu:

"Namba hii nimeipima kwa kompyuta za mwaka huu. Kompyuta zinazidi kuwa na kasi, kwa hiyo kila mwaka ipime upya na uiongeze. Ukiiacha kama ilivyo, kila mwaka unaopita unamrahisishia mwizi kazi."

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu mzuri. Kila badiliko kwenye mwongozo lilipita mikono miwili. Mmoja, mwandishi, analiweka. Mwingine, mkaguzi, analisoma na kubonyeza "imepita". Kompyuta inaandika majina yote mawili na tarehe, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Ila Mkasi hakuwahi kuuzoea mtambo wa kuwekea mabadiliko. Yeye alikuwa mtu wa karatasi na kalamu nyekundu. Basi wakapatana, yeye na Mzee Taratibu, kama watu wanavyopatana nani afungue dirisha asubuhi. Mkasi anakata kwenye karatasi, anaandika ukurasa safi, anamtumia Taratibu. Taratibu anauingiza kwa jina lake. Kisha Mkasi anarudi kama mkaguzi na kubonyeza "imepita". Kwa maneno mengine, mama huyu alikuwa anajikagua mwenyewe, jina la mwenzake likiwa mbele. Haikuwa siri wala ujanja. Meneja alijua, vijana walijua.

Na walikuwa na sharti moja, alilolitaka Taratibu: onyo lisiguswe bila yeye kuulizwa. Maonyo kwenye miongozo yao yalikaa ndani ya kisanduku chekundu, huwezi kuyakosea. Mkasi akakubali, na sharti hilo akalishika.

Asubuhi moja, wakati wa chai, wawili hawa walikuwa wamesimama penye birika.

"Mzee, nimekutumia kurasa arobaini."

"Arobaini? Dada, si zilikuwa sitini?"

"Zilikuwa. Ishirini zilikuwa mafuta."

"Iko siku utanikata na mimi."

"Wewe nikukate wapi, na wembamba huo?"

Taratibu akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Nizisome kwanza?"

"Soma ukipenda. Lakini meneja anazitaka kabla ya mchana."

Akatazama saa ya ukutani, akatazama rundo la kazi zake mwenyewe. "Basi nakuamini," akasema.

Ndani ya kurasa zile arobaini, sentensi tatu za Taratibu hazikuwemo. Mahali pake palikuwa na moja: "Chaguo-msingi linafaa kwa matumizi mengi."

Mkasi anakumbuka vizuri alivyozikata. Sentensi zile hazikuwa na kisanduku chekundu. Mzee hakuwa ameziweka kisandukuni kwa sababu kwake yeye hayo yalikuwa mazungumzo tu, mtu na mtu. Mkasi akazisoma, akaona ni gumzo. "Kila mwaka, kila mwaka," akajisemea, "nani ana nafasi hiyo?" Akaona pia zinamtia mteja wasiwasi bure. Kalamu ikapita. Ile sentensi yake mpya ilimpendeza, fupi, haina kona. Anasema hata aliisoma kwa sauti.

"Ningemuuliza tu," huniambia. "Meza yake ilikuwa hatua sita kutoka yangu. Nilizihesabu baadaye."

Miaka mitano ikapita salama. Mzee Taratibu mwenyewe aliipandisha namba ile kila mwanzo wa mwaka, kwenye kila toleo jipya la maktaba, bila haja ya kurudi kusoma ukurasa alioamini bado uko alivyouandika. Lakini aliyechukua toleo la zamani alibaki na namba ya zamani, na hakukuwa tena na sentensi ya kumwambia kwamba kufuli yake inalegea.

Mmoja wa hao alikuwa kituo cha ushauri nasaha, nyumba ndogo yenye mapazia mazito, ambako watu walikwenda kusema yasiyosemeka: ndoa, ulevi, huzuni isiyo na jina. Wezi wakaingia kwenye kompyuta zake, wakaondoka na ule unga. Kwa kompyuta mpya za wakati huo, siku nne ziliwatosha kupata zaidi ya nusu ya maneno ya siri. Wakafungua mafaili, wakayasambaza mitandaoni. Mambo ambayo mtu alimnong'oneza mshauri, mlango umefungwa, yakasomwa na majirani kwenye simu. Mwalimu mmoja alihama mji. Mama mmoja alihamwa na wanawe. Kituo kikafungwa.

Barua ya kituo ilifika ofisini ikiwa na matusi machache kuliko walivyostahili. Ilisema: sisi tulifuata mwongozo wenu, na mwongozo wenu unasema hivi. Halafu ikainukuu sentensi ya Mkasi, neno kwa neno.

Kikao kiliitwa saa nne asubuhi. Meneja alikuwa kijana mwenye adabu, na alimwogopa kidogo Mzee Taratibu, vile mtu anavyomwogopa mwalimu wake wa zamani. Akaiangaza ile kumbukumbu ukutani kwa projekta.

"Mzee, naomba samahani. Inaonyesha hapa palikuwa na maelezo mengine, yanamwambia mtu apime upya kila mwaka. Tarehe hii yakaondolewa. Mwandishi ni wewe. Mkaguzi ni dada hapa."

Taratibu akavaa miwani, akasogea mpaka karibu na ukuta, herufi zikamwangukia usoni.

"Hayo maelezo niliyaandika mimi," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Na kuyaondoa?"

"Jina ni langu."

"Unakumbuka kwa nini uliyaondoa?"

Mkasi anasema aliweza kusikia duka la vioo chini wakikata kioo.

"Sikumbuki," Taratibu akasema. "Najaribu hapa, na sikumbuki kabisa."

Kijana mmoja akataka kuchangamsha: "Mzee, usijali, hata mimi nimesahau nilipoweka chaja." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuomba kikao kiishe.

Meneja akauliza, kwa upole, "Au yalikuwa kwenye zile kurasa za dada?"

Hapo Taratibu akageuka upesi, yeye ambaye hakuwahi kufanya kitu upesi. "Hapana. Dada hagusi kitu kama hiki bila kuniuliza. Ndivyo tulivyokubaliana." Akamtazama Mkasi. "Sivyo, dada?"

Msomaji wangu, mimi nimejaribu kukaa kwenye kiti kile. Watu saba wanakutazama. Mtu anayekuamini anakuuliza swali ambalo amekwisha kulijibu kwa niaba yako. Na kichwani unajidanganya: huyu ni mkubwa wetu, nani atamfanya nini? Ataonywa kidogo, kesho yamekwisha.

"Ndivyo," akasema Mkasi.

Ni hilo neno moja. Hakuna aliyemwadhibu Mzee Taratibu. Meneja alisema ni kosa la ofisi nzima, na hapo alisema kweli. Lakini wiki mbili baadaye Taratibu akaweka kadi yake ya mlangoni juu ya meza ya meneja. Wenzake wakamzunguka, kaa, Mzee, kaa. Akawaambia, bila uchungu, kama anayesoma mwongozo: "Mtu anayefuta onyo lake mwenyewe na asikumbuke, hafai kushika kufuli za watu."

Wakamfanyia chai ya kuagana. Mkasi ndiye aliyenunua keki. Anasema alikuwa amejiandaa kusema siku ile. Alikuwa na sentensi yake tayari, fupi. Taratibu akampa mkono, akamwambia, "Dada, endelea kukata mafuta," na sentensi ile ikashuka tena kifuani. Mwezi uliofuata akapewa meza ya Taratibu, iliyo karibu na dirisha.

Mumewe alijua tangu wiki ya kwanza. Mkasi alimweleza wakiwa wanakunja nguo za wateja.

"Kesho asubuhi nenda kamwambie," mume akasema.

"Nitakwenda."

"Kesho, nimesema."

"Nimesikia."

Kesho ile ikawa miaka sita. Mara mbili alimpigia simu Taratibu na mara zote mbili akakata kabla haijaita vizuri. Mara moja alimwona kwa mbali sokoni, ameshikwa mkono na binti yake kama mtu anayevushwa barabara. Akajiambia mzee ana mafua. Akapita njia nyingine.

Kisha ikaja siku ya simu. Saa tatu asubuhi, yuko mezani penye dirisha, kalamu mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi, binti wa Mzee Taratibu. Samahani kukupigia kazini."

"Marahaba, mwanangu. Mzee hajambo?"

"Hajambo kwa mwili. Ni hicho kichwa chake. Wiki ijayo tunampeleka kwa daktari wa mambo ya kusahau, na ametupa fomu ya kujaza. Wanataka kujua ilianza lini. Sisi tunajua ilianzia kazini, ile siku ya kikao. Wewe ulikuwepo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, au alikuwa ameanza kabla?"

Mkasi akauliza, na anasema sauti haikuwa yake, "Kuanza nini?"

"Kusahau, shangazi. Si alifuta kitu asikumbuke? Tangu siku ile tumekuwa waangalifu naye. Gari tuliliuza. Jiko hagusi. Funguo nakaa nazo mimi. Hata dukani haendi peke yake. Ni yeye mwenyewe alisema tufanye hivyo, alisema akili yake imeanza kutoboka. Lakini daktari anataka tarehe."

Niwaambie nini. Mkasi aliweka kalamu chini. Kwa miaka sita alikuwa amejua kwamba alimnyang'anya mtu kazi. Hakujua kwamba alimnyang'anya na akili.

"Msijaze hiyo fomu," akasema. "Nakuja."

"Leo, shangazi?"

"Sasa hivi."

Nyumba ya Taratibu ilikuwa safi, na ilizungumza. Kila mahali palikuwa na karatasi ndogo zilizobandikwa, kwa mwandiko ule wa kumwelekeza mgeni. Kwenye swichi ya taa: "Zima ukitoka, hakikisha." Kwenye bomba: "Sikiliza kama linadondoka." Mlangoni: "Usitoke bila kumwambia mtoto." Binti, mwanamke mzima mwenye kazi yake ya ushonaji wa viatu aliyohamishia nyumbani ili awe karibu na baba yake, alikuwa na funguo shingoni kwa kamba. Sebule ilinuka gundi na ngozi.

Mzee Taratibu alikuwa ameketi. Alipomwona Mkasi, uso wote ukamfunguka.

"Dada! Mkasi mwenyewe! Bado unakata?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Tangu lini unaniamkia shikamoo? Kaa. Mwanangu, mpe shangazi chai. Mume wako bado anasema sana?"

"Amepunguza."

"Basi anaumwa yule."

Mkasi hakukaa. Aliona akikaa hatasema. "Kaka, nimekuja na neno. Naomba na mtoto asikie."

Binti akaweka birika chini.

"Zile sentensi zako tatu," Mkasi akasema. "Za kupima namba kila mwaka. Hukuzifuta wewe. Nilizifuta mimi. Zilikuwa kwenye zile kurasa arobaini, ile siku ya chai, ulisema unaniamini. Hazikuwa na kisanduku chekundu, nikaona ni maneno ya ziada. Hukusahau, kaka. Hukuwahi kuzifuta, ndiyo maana hukukumbuka."

Mzee Taratibu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Kurasa arobaini," akasema polepole. "Zilikuwa sitini."

"Ndiyo."

"Nikamwaga chai."

"Ndiyo, kaka."

"Nakumbuka." Akatikisa kichwa, akarudia, "Nakumbuka vizuri. Na kwenye kikao nilikuuliza. Wakati ule ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza mbele ya watu, nikakuambia sivyo, dada, ukasema ndivyo."

"Nilidhani yataisha tu. Nilidhani wewe hawawezi kukufanya kitu."

"Hawakunifanya kitu," akasema Taratibu. "Nilijifanya mwenyewe. Nilikuamini kuliko nilivyojiamini, dada. Ilikuwa ni wewe umenidanganya au ni kichwa changu kimenidanganya, nami nikaona afadhali kiwe kichwa."

Binti alikuwa bado amesimama. "Shangazi," akasema, "miaka sita namfungia baba yangu mlango." Hakupandisha sauti. "Akiuliza kitu mara mbili, naandika tarehe. Nina orodha ndani. Jana nimeandika kwamba aliniita kwa jina la marehemu mama. Sasa nimpelekee daktari orodha ya nini? Nitajuaje lipi la uzee, lipi la kweli, na lipi tumelitengeneza sisi kwa kumwogopesha?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui." Akamimina chai kwenye kikombe, akakisukuma mbele ya Mkasi. "Kunywa, shangazi. Isipoe."

Mkasi alikishika kikombe, hakunywa. Mzee Taratibu akaenda kabatini, akarudi na daftari, akalifungua, akampa asome. Mwandiko uleule, mstari kwa mstari. "Jumatatu. Nimefunga mlango wa nyuma, nimerudi kuhakikisha, umefungwa. Nimezima taa ya bafuni. Nimekula. Sikumpigia mtu simu nisiyoikumbuka." Jumanne hivyohivyo. Jumatano hivyohivyo.

"Yapo madaftari thelathini na moja kama hili," akasema. "Wewe ni msomaji. Nionyeshe humo mahali nilipokosea."

Mkasi akafunua kurasa mbili, tatu, kumi. Machozi yalimjaa, herufi zikacheza. Hakuona kosa. Kila siku mlango ulikuwa umefungwa na taa ilikuwa imezimwa, na kila siku mtu yuleyule alikuwa amerudi kuhakikisha.

"Hakuna, kaka."

"Hakuna," naye akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akamgeukia binti yake, akanyoosha mkono, kiganja juu. Binti akaelewa baada ya kitambo. Akaivua ile kamba shingoni, akamwekea funguo mkononi. Taratibu akafungua mlango wa mbele, akatoka, akaurudishia nyuma yake.

Binti akaruka kumfuata, kwa mazoea tu. Akafika kwenye kitasa, akasimama. Akarudi, akaketi kwenye kiti cha kazi, katikati ya soli na nyuzi. Wanawake wawili wakabaki wanausikiliza mlango.

Dakika kumi. Robo saa. "Barabara ile ina malori," binti akasema. Mkasi akasema, "Anaona vizuri." Binti akasema, "Usinifundishe baba yangu." Nusu saa. Binti alisimama mara tatu na kuketi mara tatu. Mkasi anasema kwamba katika nusu saa ile aliyaona yote: kwamba kama mzee amegongwa, ni yeye, kama amepotea, ni yeye, na kama atarudi mzima, akiimba, basi ndiyo itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu angeweza kutoka hivyo kila siku, siku zote zile.

Alirudi. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Hakubeba kitu.

"Baba, umekwenda wapi?" binti akauliza.

"Nimekwenda mpaka njia panda. Nikafika dukani nikakosa cha kununua, sikuwa na haja ya kitu. Nikageuka." Akaziweka funguo mfukoni mwake. Akakaa, na safari hii hakukiangalia kiti.

Halafu akamwambia Mkasi, kwa sauti ileile ya miaka ya birika, isiyo na ukali: "Kwa daktari tutakwenda, nipimwe kama mtu anavyopimwa. Hilo neno lako liandike kule ofisini, kwenye kumbukumbu, kwa jina lako, si kwa langu. Halafu nenda nyumbani, dada. Usije tena mpaka nikuite."

Siku ya pili yake Mkasi alimwita kijana mmoja, akamwomba amfundishe ule mtambo wa kuwekea mabadiliko, aliokuwa ameukwepa miaka yote. Ulimchukua asubuhi nzima. Aliandika mwenyewe kwamba ndiye aliyezifuta zile sentensi, akaingiza mwenyewe kwa jina lake, meneja akakagua, akasoma mara mbili, akamtazama, akabonyeza "imepita". Sentensi tatu zikarudi mahali pake, kama zilivyokuwa, ndani ya kisanduku chekundu.

Daktari, nilivyosikia, alisema mzee ana usahaulifu wa kawaida wa watu wa umri wake, na woga mkubwa usio wa kawaida. Binti amerudisha kazi yake mjini. Watu wamemwona Mzee Taratibu akitembea peke yake asubuhi, mwendo wake uleule, akitazama kila kitu kabla ya kukipita.

Huu ni mwezi wa kumi na nne tangu aambiwe asije mpaka aitwe. Mkasi ameacha simu yake iwe na mlio mkubwa, hata kazini, hata vijana wanapomtania kwamba shangazi ana mchumba. Ikilia anaangalia kwanza ni nani. Mpaka ninapoandika haya, hajaitwa.